Kishikwambi Kimoja, Darasa Zima: Nilivyofundisha Haki za Mtoto

Ukisikia semina wanakwambia "waonyesheni watoto video, wataelewa", wewe kunywa chai yako unyamaze. Mimi niliamini. Nikakodi projekta kwa elfu ishirini na kitu, bodaboda sijahesabu, nikaziba madirisha ya darasa kwa mashuka ya nyumbani, nikawasha katuni niliyoipakua kwa bando langu mwenyewe.

Ikafika kwenye haki ya faragha, kifungu cha 16 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989. Mtoto wa Kizungu kajifungia chumbani na mbwa wake, mama yake anabisha hodi. Darasa la Tano likalipuka. "Mwalimu, analala peke yake?" "Haogopi?" "Wenzake wako wapi?" Mmoja akataka kujua mama wa watu anabishaje hodi ndani ya nyumba yake. Nilipouliza wamejifunza nini, jibu lililopigiwa makofi ni kwamba kila mtoto ana haki ya kupewa chumba na mbwa. Umeme ukakatika, ukaninusuru.

Nikageukia kishikwambi (tableti), kimoja kati ya vile tulivyogawiwa walimu Tanzania baada ya Sensa ya 2022. Wengi tunavitumia kuandalia masomo tu. Mimi nikawapa watoto wakishike wenyewe, kundi kwa kundi: zungukeni shuleni, leteni picha ya haki mnayoipata hapa na ya haki inayopungua. Sharti moja: hakuna kumpiga mtu picha bila ruhusa yake, na akikataa mshukuruni muondoke.

Kundi la kwanza likaenda moja kwa moja jikoni, kwa haki ya chakula.

"Shikamoo mama, tunaomba kukupiga picha."

"Marahaba. Na khanga hii? Hampigi mtu hapa."

Wakabembeleza, wapi. Kijana mmoja akashauri wapige kwa mbali, hataona. Msichana aliyeshika kishikwambi akakifutika ndani ya sweta: mama kakataa, basi. Walirudi darasani wakigombana, nami nikafuta ubaoni kila nilichopanga kufundisha siku hiyo. "Picha si inaonyesha uji tu?" "Na wewe tukikupiga unaoga mtoni, tuseme tunaonyesha maji?" Walibishana hadi kengele. Faragha iliwaingia bila chumba wala mbwa. Kesho yake mama mpishi alikuja na kitenge kipya, anauliza wale wapiga picha wako wapi.

Picha nyingine zilikuwa za bomba, madawati, na mlango wa choo cha wasichana usio na komeo. Hiyo niliipeleka kwenye kamati ya shule bila maelezo yoyote, na komeo likapatikana haraka kuliko barua zetu zote.

Kundi la mwisho likaniletea picha ya fimbo juu ya meza ya ofisi ya walimu. Wenzangu hawakufurahi. Niliwasomea watoto kanuni zilivyo: viboko ni vya mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari la viboko. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia kuwa kuna daftari. Walimu kadhaa nao, nadhani.

Kila picha waliirekodia maelezo kwa sauti zao. Funga madirisha kwanza, upepo kwenye bati unameza kila kitu. Sura za watoto zikiingia kwenye picha, zifute mbele yao, wakione kitendo. Namba 116 ya kuripoti ukatili kwa watoto waandike kwenye jalada la daftari, maana karatasi hupotea.

Kisha akaja mzazi, kafura: nawafundisha watoto kuwashtaki wazazi. Sikubishana. Nilimwekea sauti ya mwanawe akieleza kifungu cha 31 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, kile cha wajibu wa mtoto: kuwaheshimu wazazi na wakubwa, kuwasaidia wakiwa na shida. Alisikiliza, akaomba irudiwe, halafu akaomba nimtumie WhatsApp. Nikamwambia aanze kwa kumwomba mwanawe, sauti ni yake.