Kusoma Kireno Lisbon ukiwa mtu wa Mombasa

Tangu nirudi naulizwa sana kwa nini Kireno na si Kichina ambacho kina kazi, na jana tena dada mmoja kaniandikia inboksi, amemaliza digrii hapa Mombasa anataka kwenda Lisbon kusoma lugha, basi nimeona niandike wote msome.

Kwanza, Kireno ulichozoea kwa mahojiano ya wachezaji wa Brazil sicho utakachokikuta kule. Mbrazil anafungua mdomo, vokali unazisikia. Lisbon vokali isiyo na mkazo wanaimeza, telefone inabaki kama tlfon, estou inakuwa shto au to tu, alafu s ya mwisho wa neno inatoka sh, kwa hivyo mtu akikuongelesha haraka dukani konsonanti zinagongana na wewe sikio lako la Kiswahili linangoja vokali ambazo haziji. Mimi nilisaidika na redio. Antena 1, redio ya taifa ya Ureno, asubuhi napika chai, kila siku, hata kama sielewi, mpaka ikafika siku nasikiliza habari ya treni kuchelewa na nimeielewa yote.

Sasa hili ndilo nataka nikae nalo. Ukisoma Kireno lazima utakutana na Os Lusíadas, utenzi wa Luís de Camões uliotoka 1572, kuhusu safari ya Vasco da Gama kwenda Bara Hindi. Wareno wanauheshimu mno, hata sikukuu yao ya taifa ni 10 Juni, siku aliyofariki Camões. Fungua kanto ya pili, yaani sehemu ya pili ya utenzi, Mombasa tumo. Na tumeandikwa vibaya wallahi: mfalme wetu ni mtu wa hila, anawakaribisha bandarini ili awamalize, mpaka Venus, mungu wa kike wa Kirumi, mwenyewe ashuke kuzizuia meli zisiingie. Wakifika Malindi, mfalme wa huko mwema, mkarimu, na Vasco anakaa anamsimulia historia ya Ureno kanto nzima nzima.

Wenzangu darasani walikuwa wanasoma hadithi, mimi nasoma kwetu. Mwalimu akanipa ubeti nisome kwa sauti, nikasoma, alafu nikamwambia kwa heshima kuwa 1505, miaka saba tu baada ya Vasco kupita, Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, alikuja akauteka mji huu wa Mombasa akauchoma, kwa hivyo huyo mfalme aliyewatilia shaka wageni wenye mizinga alikuwa anajua anachokiogopa. Darasa kimya. Mwalimu akasema niandikie hayo yote, kwa Kireno. Insha ile ilinifunza kuliko mazoezi yote ya vitenzi, manake nilikuwa na la kusema na nilitaka lieleweke.

Na ndiyo sababu yangu ya Kireno hasa. Ngomeni, Fort Jesus, tunapita kila siku, Wareno wameijenga kuanzia 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, lakini karatasi za enzi hizo nyingi ziko Kireno, na hifadhi yao kubwa, Torre do Tombo, iko Lisbon, jirani kabisa na chuo kikuu, unashuka metro ya Cidade Universitária. Nataka watu wetu wazisome wenyewe, wasingoje kusimuliwa.

Chakula, uliza nguruwe kabla hujaagiza, hata caldo verde inayoonekana supu ya mboga inatiwa kipande cha soseji. Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na waumini wengi asili yao Msumbiji. Hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja wa kisiwa cha Ibo, huko Msumbiji, nikamwamkia, tukaanza kwa Kireno, kidogo yeye akahamia Kimwani, lugha yao ya pwani iliyo karibu na Kiswahili, mimi Kiswahili na tukaelewana vizuri tu mpaka akanialika kwake kwa futari.

Mitihani inayotambulika ni ya CAPLE, kituo cha mitihani ya Kireno kwa wageni, na kwa ngazi za lugha za Ulaya CIPLE ni A2 (ya mwanzo), DEPLE ni B1 (ya kati), DIPLE ni B2 (ya kati ya juu). Ubalozi wa Ureno uko Nairobi kwa hivyo hesabu nauli na uanze viza mapema, karatasi ni nyingi. Dada yangu, jibu lako ndilo hili, na ile insha bado ninayo, ukiitaka nitakutumia.