Cheti cha kifo cha baba
Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, watoto wengi wa wakulima nchini Tanzania wamesoma vyuoni kwa ada ambayo wazazi wao wasingeimudu. Hata hivyo, kila msimu wa maombi, ninapowasaidia vijana wa mtaani kwetu kujaza fomu, naona kwamba anayekwama mara nyingi ni yule yule aliyekusudiwa: yatima ambaye baba yake alizikwa kijijini bila kifo kusajiliwa, na sasa anatakiwa kuleta cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mwenye wazazi hai (na nauli) humaliza jioni moja. Binafsi ningependa mtendaji wa kijiji, ambaye pengine alikuwapo mazishini, aaminiwe zaidi.