Chakula cha kesho kinaanza leo usiku

Jumanne, usiku

Nimemaliza kuchambua maharage, nimeyaosha na kuyaloweka. Yatalala kwenye maji hadi asubuhi. Ni kazi ya dakika chache tu, lakini ndiyo inayoamua kesho tutakula nini. Mtu akirudi nyumbani amechoka, njaa inamuuma na jikoni hakuna kilichoandaliwa, atakula chochote kilicho karibu, na mara nyingi hicho ni cha kukaanga au chenye sukari tele. Halafu tunasema hana nidhamu ya kula. Tunamwonea. Saa ile ya njaa, nani anachagua vizuri?

Asubuhi nitamwaga maji ya kulowekea, maana hutoka na sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi. Nitabandika sufuria kwa maji mapya na kuyaacha yatokote hasa kabla ya kupunguza moto. Kwa maharage mekundu hili silifanyii mzaha: yakiwa mabichi yana sumu ya asili, na yanatakiwa yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ili iharibike. Moto mdogo peke yake hautoshi, hata ukikaa jikoni siku nzima.

Kuunga sina haraka. Kitunguu kikilainika na kuanza kung'aa, kabla hakijageuka rangi, natia nyanya na kufunika mpaka ziive na kurojeka, ndipo maharage yaingie. Mafuta napima kwa kijiko, simimini kutoka kwenye chupa, kwa sababu kijiko kimoja tu cha mezani kina kalori zipatazo 120. Kuyaacha kabisa pia sikubaliani nako. Karoti na mboga za majani zina kile ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, na bila mafuta kidogo sehemu kubwa yake hainyonywi.

Chumvi ni mwishoni, nikishaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni jumla ya yote: ya kwenye mkate, ya kwenye viungo vya pakiti, na ile tunayonyunyiza mezani bila hata kuonja kwanza. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kupenda kupika mwenyewe. Chakula cha kununua kimeshatiwa chumvi na mtu mwingine, na ikishaingia haitoki.

Mboga za majani nitaziosha kabla ya kuzikata, nizipitishe motoni muda mfupi. Mezani nitaweka limau la kukamulia, kwani vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai inafanya kinyume chake, kwa hiyo kesho birika halitabandikwa mpaka chakula kimeshashuka tumboni, hata wakinung'unika.