Umeme wa gatini: waya wa ethi unabaki

Boti imepata umeme wa nchi kavu. Ni boti ya faiba, injini ndani, rafadha ya shaba nyeusi, imefungwa gatini Mtwapa. Paneli ya sola ilitosha taa na redio, lakini mawingu ya masika yakitanda betri hazijai, na samaki ndani ya friji hawangoji jua.

Nyaya hazikunisumbua. Soketi ni ile ya buluu ya ampea 16, yenye kifuniko cha kuzuia maji. Kebo ni ya mpira, nyuzi tatu za milimita 2.5 za mraba. Ile nyeupe ya nyumbani jua na chumvi huipasua upesi. Ndani, karibu na soketi, kuna swichi inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, na kinga inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Kwa volti 240 napata kama wati 3,800: chaja na friji, birika kwa zamu.

Kilichonila muda ni ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Waya huo huunganisha chuma cha boti yangu na cha kila boti iliyochomekwa gatini, na maji ya chumvi yanakamilisha mzunguko. Tayari hiyo ni betri: huku zinki yangu, kipande kinachofungwa chini ya boti ili kiliwe badala ya chuma kingine, kule shaba ya jirani, na inayoliwa ni zinki. Ikiisha, zamu ni ya shafti na rafadha.

Wengi hapa hushauri ethi ikatwe. Hapana! Laivu ikigusa injini na ethi haipo, umeme utatafuta njia majini, na atakayeupata ni anayeogelea karibu au mtoto aliyeshika ngazi. Siokoi zinki kwa kuhatarisha mtoto wa mtu.

Nimefunga galvaniki aisoleta, kifaa cha kuzuia umeme huo mdogo unaokula zinki, kwenye ethi, mara tu baada ya soketi, kabla waya haujagusa chuma chochote. Ndani yake daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) mbili zinafuatana kwa kila upande. Huzuia volti ndogo, hadi kama 1.2, na tofauti ya zinki na shaba nyeusi baharini haifiki hapo. Hitilafu ya kweli ikitokea, daiodi hupitisha umeme na kinga hukata. Aisoleta ndogo ya bei rahisi niliikataa: daiodi zikiungua na kukatika, ethi imepotea na hakuna anayejua. Ndiyo maana nitakuwa naipima kwa mita kila msimu, kebo ikiwa imechomolewa.

Fundi wa umeme alikagua kabla hatujawasha. Alihakikisha laivu na nyutro za gati hazijabadilishana, na kwamba botini nyutro haijaunganishwa na ethi.

Utaratibu wa kuchomeka: swichi kubwa imezimwa, kebo inaingia botini kwanza, kisha gatini. Kuondoka, gatini inatoka kwanza, ili ncha yenye umeme isidondoke majini.

Zinki mpya nimeipima uzito kabla ya kuifunga. Boti ikipandishwa mchangani wakati wa bamvua, nitaifungua niipime tena.