Mgomba wangu haujafa!!

Jamani nimetoka bustanini sasa hivi, mikono bado ina udongo, ngoja niwaambie kwanza ndo nikanawe.

Mnakumbuka ule mgomba niliopanda nje huku kwenye baridi mkanicheka? Ni Musa basjoo, ile aina inayovumilia baridi, asili yake kusini mwa China, ndizi zake hata haziliwi zimejaa mbegu tupu ila mimi nilitaka majani tu. Barafu ya kwanza ilipopiga majani yote yakawa meusi usiku mmoja, nikaukata ukabaki kimo cha goti nikaufunika na rundo la majani makavu, juu turubai, maana ukilowana kwenye baridi unaoza.

Leo nikafunua.

Shina limelegea, ukibonyeza kidole kinazama, linatoa maji ya kahawia na harufu sasa, acheni tu. Nikajua basi, kwisha habari yake. Nikachukua kisu nikawa nakata kidogo kidogo kushuka chini, nyeusi, nyeusi, kahawia...

halafu nyeupe. Nyeupe peee, imekaza, inatoa maji safi.

Na pembeni kuna kichipukizi kimetoboa udongo, kimejikunja kama sigara, hakifiki hata kidole gumba! Nimechuchumaa kwenye tope nakikodolea macho weee mpaka miguu ikafa ganzi.

Sasa usiku wa leo wanasema nyuzi 1. Nimekifunika na ndoo. Inatosha, au nirudishie majani yote? Wenye migomba kwenye baridi semeni kitu, giza linaingia hili