Iliki ya bibi wa Hancock

Leo nimeingia jikoni kwa bibi jirani hapa Hancock, Michigan, nikanusa mahamri.

Kumbe ni nisu!

Wafini walianza kuja huku kuchimba shaba miaka ya 1860, na hadi leo vibao vya mitaa vina majina ya Kifini pia. Nisu ni mkate wao mtamu wa kusuka. Ufini kwenyewe wanauita pulla. "Nisu" ni neno la zamani la ngano, bibi hataki kusikia lingine.

Maziwa vuguvugu nusu lita, hamira, mayai 2, sukari gramu 150, chumvi kidogo, unga kama kilo 1. Siagi gramu 150 inaingia mwisho, donge likishashikana.

Maziwa yakiwa ya moto, hamira inakufa. Ukiongeza unga kwa sababu donge linanata, kesho mkate ni mkavu. Liache linate, liumuke.

Sasa iliki. Ya kopo hataki, harufu imeshakimbia. Anamenya maganda, anatwanga mbegu kijiko kikubwa 1, na anaacha chengachenga makusudi.

Ukitafuna, chenga inapasuka chini ya jino. Bado naisikia mdomoni.

Misokoto mitatu, husukwa bila kukaza. Ukikaza, mkate unapasuka ubavuni. Uumuke tena nusu saa, upakwe yai, digrii 190, dakika 25 hivi.

Wapishi wa mahamri, iliki yenu mnaisaga laini au mnaacha chenga?