Kunyonga mlimani kwa baiskeli ya zamani bila kuvunja kotapini, cheni wala friwili

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wowote, na unaoniudhi mpaka leo, ni huu: baiskeli ya zamani usiisimamie mlimani, itakatika. Mimi napanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita thelathini na kitu, karibu mita 1,000 za kupanda, kwa Raleigh ya gia moja iliyotengenezwa Nottingham, na kwenye kona kali nasimama juu ya pedeli kwa uzito wangu wote. Haikatiki. Ilikuwa inakatika zamani, tena kila kitu kwa zamu yake: kotapini (kipini kinachokaza krenki, yaani mkono wa pedeli, kwenye ekseli), cheni, friwili (gia ya nyuma), hata ekseli ya krenki. Dawa haikuwa kukaa kitini. Dawa ilikuwa kuondoa ulegevu, kwa sababu chuma cha baiskeli hizi ni kizuri sana kikibanwa, na kinaisha haraka sana kikiachwa kicheze.

Kwanza jua nguvu inapita wapi. Krenki ya kulia na gia ya mbele zimeshikana, kwa hiyo mguu wa kulia ukikandamiza, nguvu inakwenda moja kwa moja kwenye cheni. Mguu wa kushoto hauna njia hiyo fupi. Nguvu yake inapita kotapini ya kushoto, inaisokota ekseli yote, inatokea kotapini ya kulia, ndipo inafika kwenye gia. Ndiyo maana kotapini zote mbili zinauawa na mguu mmoja, wa kushoto. Krenki ina milimita 165 hivi, na ekseli ina nusu kipenyo cha milimita 8. Gawanya: nguvu inakuzwa mara 20. Mtu wa kilo 70 akisimama tu, bila hata kuvuta usukani, kotapini inabanwa kwa zaidi ya tani moja. Kipini chembamba cha milimita 9.5 kinaweza kubeba hilo, lakini kwa sharti moja: ubapa wake ulale wote juu ya ubapa wa ekseli. Ukigusa kwa ncha tu, ncha inapondeka, nafasi inazaliwa, na kila mzunguko krenki inapiga nyundo. Ukisikia "tak" moja kila mguu wa kushoto unapoanza kukandamiza, ni hiyo.

Kupima ni rahisi. Ziweke krenki mlalo, ya kushoto mbele, funga breki, kandamiza pedeli zote mbili. Zizungushe ya kulia iwe mbele, kandamiza tena. Krenki ikisogea hata kidogo kabla ya kukaza, usipande mlima siku hiyo, maana ukiendelea tundu la krenki litapanuka, na tundu lililopanuka halina kotapini itakayolitosha.

Dukani usinunue kwa macho. Pima tundu: baiskeli nyingi za Kiingereza ni 9.5, lakini zipo kotapini za 9 zinazouzwa humohumo kwenye kopo moja, na ya 9 haitashika kamwe, hata uigonge hadi kesho. Kisha pitisha tupa mara moja pembeni. Ikiliwa laini kama msumari, irudishe. Nzuri inaikatalia tupa kidogo. Bei haitofautiani sana, yote ni pesa ya chai na maandazi, kwa hiyo nanunua jozi tatu kwa pamoja nikizipata nzuri.

Sasa kazi yenyewe, ambayo mafundi wengi wanairuka. Kotapini haitoki dukani ikiwa imeshakubaliana na ekseli yako. Lazima uikubalishe. Ninatumia masizi ya kibatari. Washa kibatari, vuta utambi juu kidogo utoe moshi, pitisha ubapa wa kotapini juu ya mwali mpaka uwe mweusi wote, mweusi wa kutosha kuacha alama kidoleni. Iache ipoe. Iingize kwenye krenki bila kuigusa ubapa, gonga mara mbili taratibu, kisha itoe kwa kuigonga upande wa nyuzi, ukiwa umeirudisha nati kwanza ili nyuzi zisiharibike. Itazame kwenye mwanga. Pale chuma kinapong'aa ndipo kinapogusa. Pale masizi yalipobaki kuna hewa. Mara ya kwanza karibu kila kotapini inang'aa ukingo mmoja tu, mstari mwembamba usiofikia unene wa njiti ya kiberiti. Mstari huo ndio uliotarajiwa kubeba tani nzima. Ibane kwenye jiliwa, chukua tupa laini, ipitishe mara tatu au nne juu ya sehemu inayong'aa tu, tupa ikiwa bapa kabisa na mkono usiyumbe. Masizi tena, gonga tena, tazama tena. Ule mng'ao unaanza kutambaa kutoka ukingoni kuja katikati. Ukifunika karibu ubapa wote, acha, usipunguze zaidi, kwa sababu kila unachokula kwa tupa kinaifanya kotapini izame ndani zaidi mpaka nati ikose mahali pa kubana.

Fanya zote mbili zilingane. Ukiila moja zaidi, krenki hazitakaa kwenye mstari mmoja, na utaisikia magotini. Zielekee kinyume pia: krenki ya kulia ikiwa mbele na nati yake iko juu, ya kushoto ikija mbele nati yake nayo iwe juu. Futa masizi, paka grisi nyembamba, ingiza.

Kugonga kwa mwisho kunataka tegemeo. Chini ya krenki simamisha kipande cha bomba nene la chuma kinachofika sakafuni, tundu lake likiizunguka kotapini, ndipo ugonge kwa nyundo ya kilo moja, mapigo machache mazito. Bila bomba, pigo linashuka kwenye gololi, 11 kila upande, za robo inchi, nazo zinatoboa vishimo kwenye vikombe zinamozungukia. Halafu mtu analaumu vikombe. Nati haivuti kotapini ndani. Nati inaishikilia tu isirudi. Nimeona nyuzi nyingi zimesagika kwa sababu fundi alitaka spana ifanye kazi ya nyundo. Baada ya kupanda mlima mmoja, gonga tena na ukaze tena. Hatua hii ya pili ndiyo inayoamua kila kitu.

Kutoa kotapini ya zamani ni hivyo hivyo kwa upande wa pili: mafuta ya taa usiku kucha, bomba chini, na pigo moja zito. Mapigo madogo mengi yanaikunja tu, na ikishakunjwa ni kazi ya drili.

Wapo wanaoweka bolti ya inchi 3/8 badala yake. Inaingia vizuri, kwa kuwa 3/8 ni karibu milimita 9.5, na hapo ndipo inapowadanganya. Bolti ni mviringo, inaugusa ubapa wa ekseli kwa mstari mmoja, na kama sehemu iliyoingia ina nyuzi, inagusa kwa vilele vya nyuzi. Kilima cha kwanza vilele vimelala.

Mbaya kuliko yote ni kuchomelea. "Kaka, choma tu, utasahau habari za kotapini." Raleigh hii niliinunua ikiwa tayari imechomelewa hivyo upande wa kushoto, mshono mnene kuizunguka ekseli yote. Ilishika, tena ilikaza kuliko krenki yoyote, wala haikutoa sauti. Kisha ikakatika ghafla kwenye mpando wa kuelekea Soni, mji mdogo ulio njiani, si kwenye mshono bali kandokando yake, milimita chache kutoka ulipoishia. Sura ya mpasuko inasema kila kitu: ukingoni mwezi mwembamba mweusi, ufa wa zamani ulioingia kutu, uso uliobaki wote unameta chembechembe mbichi. Ekseli ni chuma kilichopashwa moto kiwandani kiwe kigumu. Joto la kuchomelea likipita na kupoa haraka, kandokando ya mshono panakuwa pagumu pasipopinda, na pasipopinda panapasuka. Halafu kuna hasara ya pili: kikombe cha kushoto, kile cha kurekebisha gololi, hakiwezi kutoka bila krenki kutoka. Kwa hiyo ekseli ya kuchomelewa inazunguka miaka bila grisi. Ukibadilisha vikombe vya Raleigh za zamani, hesabu nyuzi kabla ya kulazimisha: zake ni 26 kwa inchi, wakati vya kawaida vya Kiingereza ni 24. Kikombe kisicho chake kinaingia duru moja na nusu, kinakaza, na anayeongeza spana hapo anaiharibu fremu.

Cheni haikatiki kwa nguvu ya miguu. Kwa gia ya mbele ya meno 46, kilo 70 kwenye pedeli zinaivuta cheni kwa kilo 125 hivi, na cheni mpya nzuri inahimili mara kadhaa ya hapo. Inakatika kwenye pini iliyowahi kutolewa kwa msumari na kurudishwa kwa jiwe. Kichwa cha pini kimeshakwenda, tundu la bamba limepanuka, na siku ya kusimama bamba linachomoka pembeni. Mimi sirudishi pini. Ninaweka kiungio cha klipu mahali pale, upande wa klipu uliofungwa ukitazama cheni inakoelekea. Pima uchakavu kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 inatakiwa iwe inchi 12 kamili. Ikizidi 1/16, badilisha. Ikifika 1/8, meno ya nyuma nayo yamekwisha, na cheni mpya itaruka juu yake. Nunua cheni ya upana wa 1/8. Ile nyembamba ya baiskeli za gia nyingi hailali kwenye meno haya.

Friwili inayoteleza ukisimama ni hatari kuliko vyote, mguu unaanguka na kifua kinafuata usukani. Mara nyingi haijavunjika. Ndani kuna kucha mbili zinazosukumwa na springi nyembamba kama unywele, na mtu aliijaza grisi. Grisi ikiganda kucha haishuki hadi mwisho, inashika kwa ncha, ncha inamegeka. Isafishe kwa mafuta ya taa ukiizungusha mpaka yatoke meupe, kisha oili nyepesi, matone machache, basi. Ukiifungua, kifuniko chake chenye vitundu viwili kinafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na kawaida, na chini yake gololi za 1/8 zinasubiri kumwagika, kwa hiyo fungua juu ya sinia. Kuitoa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, ni kazi, maana baada ya milima mingi imejikaza yenyewe: kifungulio kishikwe na nati ya ekseli ya gurudumu kisitoke kwenye mapengo ya friwili, kibane kwenye jiliwa, shika rimu kwa mikono miwili na uzungushe gurudumu zima kushoto. Likiachia, legeza nati mara moja.

Na ukiwa umeshaitoa, rudisha ya meno 22 badala ya 18. Kila mzunguko wa pedeli utakwenda mita 4.6 badala ya 5.6, na nguvu inayotakiwa kwa mlima uleule inapungua kwa karibu moja ya tano. Cheni itataka pini mbili zaidi. Acha ulegevu wa nusu inchi katikati, ukipima mahali cheni inapokaza zaidi, kwa sababu gia za zamani si mviringo kamili. Mwisho kaza nati ya kulia ya gurudumu la nyuma kuliko unavyodhani inatosha, na chini yake iwepo washa yenye meno. Upande huo wa kulia ndio unaovutwa mbele na cheni. Tairi likianza kusugua bomba la fremu la kushoto, shuka ukaze hapohapo kabla cheni haijaruka.